Dubu Asiye na Mnyororo

Warszawa, Machi 1969

Mpenzi Shangazi Kazimiera,

Kabichi yako chachu imefika, na wenzangu wa bweni wameifakamia yote. Kikohozi kimeniacha.

Najua umeshasikia habari za bango langu la sarakasi, kwa hiyo bora uzisikie kutoka kwangu mwenyewe. Nilimchora dubu anayecheza, mnyororo shingoni. Mkaguzi wa serikali akakataa kuligongea muhuri.

"Binti, huyu dubu ni nani?"

"Ni dubu tu, ndugu."

"Basi mvue mnyororo!"

Nikamvua. Ila shingo iliyofungwa miaka mingi haioti manyoya, nami nikaichora hivyo hivyo, ina upara mwekundu kuizunguka. Mkaguzi akatafuta mnyororo, hakuuona, akagonga.

Sasa dubu yuko kila ukuta. Kwenye foleni ya nyama bibi mmoja alimkodolea macho, akajipapasa shingo. "Mh! Hata mimi hapa pananiwasha." Foleni nzima ikacheka.

Jana chuo cha sanaa kilinifukuza kwa ajili ya dubu huyo. Nikiandika kwamba nilikosea, watanirudisha. Siandiki, na wewe usinibembeleze.

Wayabandue mabango wakitaka. Shingo zetu tunatembea nazo.

Wako, mkaidi uliyemlea mwenyewe,
Bogna