Chuki Sifuri

Nasma, umekaa? Mama Akumu wetu wa hapa Pasiansi katoka polisi sasa hivi!

Si unajua macho yake mekundu kwa moshi wa kubanika sangara miaka thelathini? Basi kwa macho hayo tu, asubuhi kakuta ukutani kwake pameandikwa MCHAWI. Kwa rangi ya mafuta, tena herufi kubwa!

Kaenda kuripoti. Afande kamwonyesha chati: "Mama, matukio ya chuki mwaka huu ni sifuri. Wewe ndiye unayetaka kutuharibia?"

SIFURI, shosti! Akamwandikia "ukuta kuchafuliwa", akamshauri anunue chokaa.

Mama wa watu kanunua. Kufika nyumbani na ndoo yake, wameshaongeza mstari: IJUMAA UWE UMEHAMA.

Sasa anafunga virago. Hongera zao polisi, sifuri yao haijaguswa.