Mkanda wa Babu

Alhamisi, Mtendeni, 1962

Bila mimi, tawi letu la chama lisingejua hata kuandika historia. Leo nimewashinda wote kwa mdomo: kwenye barua ya kwenda serikalini, walichotendewa Wangoni na Mjerumani kimeandikwa "vita", si "maangamizi".

Bibi Zenabu, Mngoni mtani wangu, alizika nduguze wote utotoni. "Wee Mnyamwezi, vita gani ya kuchoma maghala watoto wafe njaa? Babu yako alikuwepo?"

"Alikuwepo! Mkanda huu niliouvaa alimnyang'anya Mjerumani!"

Akaugusa, machozi yakimlenga. "Kumbe alitutetea. Basi andikeni anavyotaka mjukuu wake."

Nikaandika "vita".

Babu alikuwa askari wa Mjerumani. Maghala aliyachoma yeye, mkanda akapewa. Neno "maangamizi" lingemfikia na yeye.

Nauonea aibu, ila mkanda mwingine sina.