Maji Yanayopanda Chini ya Bahari

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Usiucheke mwandiko wangu. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta.

Kazi yangu unaijua: tunakamua maji kwenye tope la vilindi vya bahari, kisha tunapima madini ya kalisiamu yaliyomo, chembe nyepesi kwa nzito. Uwiano wa chembe hizo hutuambia kama maji yametulia au yanapanda kutoka chini. Ya pale litakapolazwa bomba la gesi yanapanda, dada, tena kwa kasi, na yanalegeza sakafu ya bahari. Lakini mkuu wetu alishawaahidi watu wa bomba hilo kwamba sakafu imetulia.

Jumatatu asubuhi aliufunga mlango wa maabara kwa ufunguo.

"Badilisha namba."

"Sibadilishi, mzee. Sakafu ikiporomoka, watu watakufa."

Akachukua chuma cha kuchotea tope, akanipiga nacho mkono. Niliusikia mfupa ukivunjika hata kabla ya maumivu. Alipokiinua tena, nikanyakua nyundo ya kufungulia masanduku, nikampiga usoni. Akaanguka, damu ikatapakaa kwenye vigae.

Daktari anasema atapona, ila jicho moja limekwenda. Namba nimeshazituma kwa wakaguzi. Polisi wanakuja saa tatu kuchukua maelezo yangu.

Mama mwambie nimeteleza ngazini. Wewe nakwambia kweli: pigo la kwanza nilijitetea. La pili, alikuwa chini, mikono mitupu, ananiomba niache. Nikampiga.

Ni mimi mdogo wako.