Mikono Iliyopaka Altare

Masasi, Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, kifua kimeacha kukusumbua, na maji ya kisima cha mvua hayajaisha. Mimi huku sijambo. Bado nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, na joto la Masasi nimelizoea, ingawa ubaridi wa huko kwetu Mkunya naukumbuka.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimepiga, Baba, na kila nikilifikia neno lenyewe unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Isome mpaka mwisho, kisha ukasirike.

Neno lenyewe ni mikono ya Mama. Mama Oliva alinipigia, sauti imejaa huruma ambayo sikuiomba, akanieleza kwamba akina mama wa kanisa wamekubaliana Mama asishike mwiko siku ya kipaimara wala asikande unga wa maandazi. Ati mikono imebabuka na kufanya mabaka meusi, watu wanasema ni ugonjwa, na wengine hata salamu wanampa kwa mbali. Nikamuuliza katekista, yaani wewe Baba, amesemaje. Akanijibu kwamba katekista ameridhia, amesema lisemwalo lipo. Jamani, Baba! Mwanamke anayekupikia tangu mlipooana, lini umeumwa hata tumbo?

Ugonjwa gani? Mama anabangua korosho. Ndani ya ganda mna kitu ambacho sote tunakiita mafuta, na kosa linaanzia hapo, maana mtu akisikia mafuta anadhani yanalainisha. Yale ni asidi. Nikueleze kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Molekuli yake ina kichwa na mkia. Mkia ni mrefu na unapatana na mafuta, kwa hiyo unapenya kwenye ngozi bila hodi. Kichwani kuna vipande viwili vidogo vilivyokaa jirani, haidroksili na kaboksili. Vipande vya namna hiyo tunaviita makundi tendaji, kwa sababu ndivyo vinavyoamua kitu kiwe na tabia gani. Ukikiondolea kitu kundi lake, tabia nayo inabadilika. Basi majirani hao wawili ndio waliomla Mama mikono, na mabaka yale hayamwambukizi mtu yeyote.

Tena zamani hayakuwepo. Mama alikuwa akijipaka majivu kabla ya kubangua, kama wabanguaji wenzake wote. Wewe ndiye uliyemkataza. Ulisema mke wa katekista hawezi kukaa barazani amepakaa majivu kama mtu aliyetoka kwa mganga. Sasa sikia: majivu na asidi havipatani. Kaboksili ikikutana na majivu inapungua makali kabla haijaifikia ngozi. Ulimvua Mama kinga yake, na mikono ilipobabuka ukakubali aondolewe jikoni. Halafu Jumatano ya Majivu padri anatupaka usoni, na anayemshikia kibakuli ni wewe. Haya nayasema kwa heshima, lakini nayasema.

Mwaka huu niliamua kuyageuza mafuta yale yawe somo. Wanafunzi na mimi tuliyachemsha taratibu, nje, kwenye upepo, tumevaa glavu. Yakipata moto, kaboksili inaondoka kama hewa, hewa ileile tunayoitoa puani. Anabaki haidroksili, ambaye peke yake ni mpole kidogo. Ukimtilia formalini, ile dawa ya maabara, molekuli zinaanza kushikana mikono, hii na hii, mpaka zinakuwa wavu mmoja mkubwa usiopitisha maji wala kuliwa na mchwa. Wavu huo ndio polima. Wanafunzi walicheka sana, wakasema mwalimu, kundi limezaa gundi. Lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha.

Sasa nifike kwenye lile nililokuficha. Altare ya zamani ililiwa na mchwa, mkamwagiza fundi Cuthbert atengeneze mpya. Jumapili ilipowekwa nilikuwepo. Uliipapasa mbele ya watu wote, ukasema, “Mikono iliyofanya kazi hii imebarikiwa.” Ukamuuliza Cuthbert rangi ile nyeusi inayong'aa ameitoa wapi, akakujibu imetoka Masasi. Hakukudanganya, ni polima ileile, ilitoka kwenye maabara yangu. Lakini maganda yalitoka barazani kwako. Na aliyeipaka, tabaka juu ya tabaka, kwenye karakana ya Cuthbert, siku ulizodhani amekwenda kutafuta maji, ni Mama. Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utaikataa. Kiapo hicho nimekivunja leo, na sijutii.

Basi chagua, Baba. Kama mikono ya Mama ina ugonjwa, itoeni altare nje kabla Baba Askofu hajafika, muichome, na wewe mwenyewe uwaambie waumini sababu. Kama itabaki, Mama atashika mwiko. Hakuna njia ya katikati hapo, na ukiitafuta nitasimama kanisani niwaeleze wote, tena kwa Kimakonde, asibaki wa kusema hakuelewa.

Nitapanda huko Ijumaa ya kabla ya kipaimara. Usinitafute sebuleni, nitakuwa jikoni na Mama, na majivu nitayachekecha mwenyewe. Fundi Cuthbert mwambie asijifiche, kosa ni langu. Mama Oliva naye nisalimie, simchukii. Mungu akitunze kifua chako, kwa maana bado nakuhitaji, hata nikikukasirikia hivi.

Salamu zangu kwa Mama usizifikishe kwa mdomo. Mpe mkono, hapo kanisani, watu wakiona.

Ni mimi binti yako, yule unayesema ni mkaidi kama bibi yake,
Yuster Filemoni