Kikombe cha Kifaransa

Mafubira, Jumanne, 1994

Leo nimeifungua ile baiskeli ya Kifaransa yote, mpaka nati ya mwisho.

Uongo. Nimetoa gia na nyaya zake tu, ibaki na gia moja kama baiskeli ya mtu mwenye akili. Kikombe kinachoshika ekseli ya pedeli, upande wa mnyororo, kimekataa.

Mke wangu alipita na sufuria. "Mzee, Jumapili ikiwa bado imelala sebuleni kwangu, inaenda mwaloni Masese kubeba samaki."

Baiskeli niliyoitoa Mbale nikiwa nimeipakata kama bibi harusi!

Jioni kikombe kikasogea. Nikaimba. Kumbe kinazama ndani. Maisha yangu yote nimefungua za Kiingereza, upande huo hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Mfaransa hufungua kushoto. Tangu asubuhi nilikuwa nakaza, na mke wangu bado anadhani nafungua.

Sasa panahitajika bomba refu la kurefusha mpini wa spana, na mtu mzito. Afande Okello, jirani yangu mstaafu wa magereza, ana kilo za kutosha. Afande, nilikushikia beberu wako akihasiwa, akanipiga teke mahali nisipoweza kuandika. Kesho njoo unikalie kwenye spana. Kidogo tu.