Mteja wa Siri wa Meza ya Ziwani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimetambuliwa tena! Na safari hii sikufanya kosa lolote. Nimeingia supamaketi na kikapu changu, nimechukua sabuni na majani ya chai kama mtu yeyote, nimefika kwa keshia — msichana mwembamba, kucha ndefu — nikamuuliza lile swali la kampuni inayonilipa nijifanye mteja na kuripoti huduma: "Je, kuna bidhaa nyingine ungenipendekezea leo?" Akacheka. Akamgeukia mwenzake wa kaunta ya pili, akamwambia kwa Kijaluo, yule mama wa siri amekuja, kaa vizuri. Kwa Kijaluo! Kana kwamba mimi nimetoka China.

Nani hapa Kisumu humuuliza keshia swali kama hilo? Mtu hununua sabuni akaenda zake. Nilishamwambia Naeema, swali lenu ndilo linaloniuza. Naeema ndiye bosi wangu wa kwenye simu, msichana wa Mombasa aliye ofisini Nairobi, Kiswahili laini mpaka akikugombeza unataka kumshukuru. Leo amesema: Mama Perez, mteja wa siri anayejulikana hana kazi. Ukitambuliwa tena, itabidi tukuondoe.

Waniondoe tu! — Hapana, wasiniondoe. Nimepika kwenye jiko la shule ya wasichana mpaka magoti yakaanza kulia, kisha wakanipunguza. Hii ndiyo kazi ya kwanza maishani mwangu ambapo mimi nakaa na mtu mwingine anasimama. Siiachi kwa sababu ya msichana wa kucha ndefu. Ng'o!

Jumatano, 5 Machi

Kazi mpya. Hoteli ile mpya ya ufuoni, upande wa Dunga, yenye viti vya kamba. Kesho saa saba mchana. Nikae meza za nje, za kuangalia ziwa. Niagize ngege mzima, samaki wetu wa ziwani, na ugali. Niangalie kama mhudumu amekuja haraka. Ametabasamu? Amenitazama machoni? Amejitambulisha kwa jina? Ameninawisha kwa maji moto? Kisha nile, nipige picha ya sahani kabla na baada.

Nikamuuliza Naeema, na mhudumu akishindwa? Akasema wahudumu wengine bado wako kwenye majaribio, meneja atatumia ripoti kuamua nani abaki. Haya! Perez wa jikoni leo ndiye wa kuamua.

Dorca jirani amenipa wigi lake nijifiche. Nimelijaribu kwenye kioo. Nimefanana na askari wa trafiki. Nitaenda na kichwa changu mwenyewe na gauni la buluu.

Alhamisi, 6 Machi

Yawa. Jamani, wacha niandike yote kabla sijalala.

Nimefika, nimekaa meza ya nje. Upepo mzuri, magugu ya majini yamejaa mpaka ukingoni. Nimeweka mkoba juu ya meza, nimenyoosha miguu, raha mustarehe. Nasikia viatu nyuma yangu, halafu sauti ya kijana: "Karibu sana, naitwa —" Sauti ikakatika.

Nikageuka. Owiti! Mume wa Celestine, binti yangu! Yule aliyekuja kwangu Desemba na wazee wake, akakaa upande ule wa nyumba na mimi upande huu. Celestine aliniambia mumewe amepata kazi hotelini hapa mjini baada ya ile ya Luanda Kotieno kufungwa. Hoteli Kisumu ni nyingi kama mbu, ningejuaje ni hii?

Sasa mimi ni maro wake, mama mkwe. Kwetu mkwe na maro hawatazamani usoni. Hawashikani mikono. Na kula mbele yake? Nitafune samaki, niteme miiba, nilambe vidole, mkwe wangu amesimama hapo na trei? Afadhali njaa iniue.

Kabla hajainamisha macho nimeona ana kovu juu ya nyusi. Amemuoa binti yangu, na leo ndiyo mara ya kwanza naliona kovu hilo. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, trei kifuani, mpaka akagonga kiti cha mteja mwingine. Akaenda kusimama nyuma ya nguzo. Nikaona kiwiko tu. Nami nikageukia ziwa nikalikazia macho kana kwamba nimelipwa kulilinda.

Hakuna aliyekuja. Hizo meza zilikuwa za Owiti kuhudumia. Wageni walioingia baada yangu walishaanza kula. Mwishowe akaja msichana anaitwa Sheryl, jagi mkono mmoja, beseni mkono wa pili. Maji moto kabisa, kama nipendavyo. Akaleta ngege, kichwa kimeelekezwa kwangu. Pilipili pembeni, si juu. Ugali mgumu, si ule wa wageni wa kulegea. Nikamuuliza, nani amekuambia napenda hivi? Akatupa jicho kwenye nguzo. Akasema, kuna mtu amesema mama huyu nimhudumie kama mama yake mzazi.



Nikapiga picha ya sahani. Kula sikula. Kiwiko kilikuwa bado pale! Nikamwambia Sheryl anifungie. Nimemla samaki nyumbani, mlango nimefunga, nikaanza na kichwa. Mtamu jamani.

Sasa fomu iko hapa. Alikuja haraka? Hapana. Alitabasamu? Hapana. Alikutazama machoni? Hapana. Alijitambulisha? Nusu. Kwa fomu yao Owiti ni sifuri. Kwa kipimo cha mama yangu aliyenizaa, ni mia juu ya mia.

Ijumaa, 7 Machi

Celestine amekuja kutoka kwao Nyalenda kabla sijafagia. Hata hodi hakupiga. Anasema Owiti hakula jana, amekaa tu kitandani na viatu miguuni. Sheryl aliniona nikipiga picha sahani, na hoteli nzima sasa inajua mteja wa siri ni nani. Owiti yuko kwenye majaribio. Alikuwa amebakisha wiki mbili tu athibitishwe.

Akasema, Mama, mpe tu alama zote. Andika alitabasamu.

Nikamwambia sisemi uongo. Mtu alikuwa nyuma ya nguzo! Niandike nini, nguzo imetabasamu?

Basi andika umetambuliwa, akasema, ripoti ifutwe.

Nikamwambia, nikiandika hivyo nafutwa mimi.

Akashika tumbo lake — miezi sita sasa — akaniangalia. "Kwa hivyo ni wewe au ni yeye." Akaenda bila kunywa chai. Nimeimwaga. Nimeumia, na nimekasirika pia. Mimi sikutunga fomu hii! Aliyeitunga hana mkwe.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Celestine alikaa benchi la mbele, hakugeuka. Owiti alikuwa upande wa wanaume, mwisho kabisa, karibu na mlango, ili nisipishane naye nikitoka. Hata leo, hata baada ya yote haya, amenipisha.

Nimeamua. Nitaandika yaliyotokea, yote, jinsi yalivyotokea. Liwalo na liwe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetuma. Palipoandikwa "maoni" nilipaswa kujaza mistari miwili. Nimejaza mpaka simu ikagoma kupokea maneno. Nimeeleza mkwe ni nani, maro ni nani, nguzo, kiwiko, maji moto, pilipili pembeni. Mwisho nikaandika: Sijawahi kuhudumiwa hivi tangu nizaliwe.

Naeema kapiga baada ya chakula cha mchana. Sauti laini, maneno magumu.

— Mama Perez, kwa hivyo ulitambuliwa.

— Sikutambuliwa na mhudumu. Nilitambuliwa na mkwe.

— Ni mtu mmoja, Mama.

— Kwenu labda. Kwetu ni wawili.

Akavuta pumzi. Akaniuliza kwa nini sikuondoka tu pale pale. Nikamwambia ukinituma kazi naifanya mpaka mwisho, mimi si mtu wa kukimbia meza. Akasema meneja wa hoteli amesoma ripoti, hakuamini hata neno. Anadai mimi na Owiti tumepanga. Tumepanga! Mimi sijawahi kupanga hata siku ya kikao cha ndugu na mtoto yule! Meneja anataka jambo liishe mbele ya macho yake. Alhamisi Naeema atakuja mwenyewe na ndege ya asubuhi. Nitakaa meza ile ile. Owiti atanihudumia.

Nikamwambia siendi. Akasema nisipoenda wataandika kwamba tulipanga, na tutaondolewa wote wawili.

Jumanne, 11 Machi

Siendi.

Jioni: Nitaenda. Na gauni la buluu lile lile. Nimelipiga pasi mara mbili, ya pili kwa hasira.

Celestine ametuma ujumbe: Mama tafadhali. Basi, hivyo tu. Sikujua nimjibu nini, nikamwambia ale mboga, mtoto anataka damu.

Alhamisi, 13 Machi

Niko mezani. Naandika daftari likiwa magotini, wao wanadhani naandika mambo ya kampuni. Waache wadhani.

Naeema ni mdogo kuliko sauti yake. Amevaa buibui jeusi na mtandio wa kijani, na ameniamkia shikamoo kwa kuinama, hata nikasahau kumkasirikia. Meneja anaitwa Wasike. Tai, saa kubwa. Akaja na glasi ya maji akamwekea Naeema. Naeema akasema asante, nimefunga, ni Ramadhani. Wasike akaiondoa haraka sana, samahani madam, samahani, nisamehe kabisa. Nimeliona hilo. Hakumwambia hapa hakuna saumu, hapa kuna maji.

Kisha akamwita Owiti. Owiti amekuja mpaka kwenye nguzo, akasimama hapo, macho chini.

Wasike kasema kwa sauti meza zote zisikie: "Hapa hakuna mkwe. Hapa kuna mteja. Mhudumie, mtazame, tabasamu. Ama vua aproni."

Nikamuuliza, Bwana Wasike, wewe ni mtu wa wapi? Akasema Bungoma. Nikasema Bungoma nakujua, nimezika huko. Mama mkwe wako akija hapa leo, akae kiti hiki, wewe utamletea samaki umtazame machoni atafune? Tai yake ikapanda ikashuka. Akasema, Mama, hayo ni ya nyumbani. Hapa ni kazini.

Nimemwona Owiti akipeleka mikono nyuma ya kiuno. Anatafuta fundo la aproni. Analivuta, fundo halifunguki. Kijana mwenye mtoto njiani anavua kazi yake mbele ya watu, kwa sababu hataki kunivunjia heshima mimi! Mimi niliyesema Desemba kwamba binti yangu angepata mtu bora kuliko weita. Nilisema. Dorca ni shahidi.

Siwezi kumwita. Nimemwambia Naeema: "Mwambie huyo kijana asivue kitu."

Nimeinuka. Nimeshika kiti changu nikakigeuza — kimekwaruza sakafu, watu wote wameacha kula — nimekaa tena. Mgongo kwa hoteli nzima, uso kwa ziwa. Nimesema kwa nguvu: sasa anaweza kuja.

Wasike anasema mama, mteja hahudumiwi hivyo. Nimemuuliza, pale mlangoni mmeandika nini? Si "Mteja ni Mfalme"? Basi mfalme leo amekaa hivi. Kuna mtu amecheka meza ya pembeni. Sheryl, nafikiri.

Viatu vinakuja. Polepole. Vimesimama. Beseni limewekwa upande wangu wa kulia, nimeona mkono tu, umeondoka. Maji yanatoa mvuke.

"Karibu sana, Mama. Naitwa Owiti. Leo mimi ndiye nitakayekuhudumia."

Amelimaliza! Lile neno lililokatika wiki iliyopita, amelimaliza, bila kigugumizi. Nimeitikia nikiangalia magugu: "Asante, baba." Macho yamejaa maji na siyapangusi, wacha ziwa lione.

Ngege amefika. Kichwa kwangu, pilipili pembeni. Wasike anamwambia Naeema aandike: hakumtazama mteja. Naeema ameandika, nimesikia kalamu. Wasike tena, aandike: hakutabasamu. Kalamu imenyamaza. Naeema ameinama sikioni kwangu, amesema kwa sauti ya chini, "Mama, anatabasamu."

Wasike kasikia. Anasema hiyo haihesabiki, mteja mwenyewe hajaona. Naeema ameniuliza mbele yake: Mama, umeona?

Nilishasema sisemi uongo. Nimemjibu: "Sikuona. Nimesikia. Andika nimesikia."

Wasike anasema fomu haina mahali pa kusikia. Naeema hajaandika bado, na neno hilo moja ndilo litakaloamua kama tunabaki kazini. Owiti amesimama nyuma yangu, hajaondoka, na samaki anapoa.