Wananiita Mashine, na Hawajui Wamepatia

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijasifiwa tena, maana sifa zimenifika shingoni na anayezilipia ni mtu mwingine.

Mimi ni mama wa watoto wawili na ni karani wa masjala katika hospitali moja, na kazi yetu ni kuingiza mafaili ya zamani ya wagonjwa kwenye kompyuta, yaani mpiga skani wa chumba cha pili anayapiga picha, picha zinatufikia mimi na mwenzangu zikiwa na majina yasiyo na maana, picha ya kwanza, picha ya pili, mpaka mia na kitu, na sisi tunafungua moja moja, tunasoma namba ya mgonjwa pale juu kulia, tunatafuta jina lake kwenye orodha ya hospitali, tunaipa picha jina hilo, tunaipeleka kwenye folda ya mwaka wake, tunaandika mstari mmoja kwamba imeshaenda, halafu tunafungua nyingine, na mtu akijikaza sana anamaliza sitini kwa siku, jioni macho yanamwasha kama aliyemenya vitunguu.

Huyo mwenzangu tunamwita Mama Rejista kwa sababu ana miaka ishirini na sita ndani ya chumba hicho, na ndiye aliyenipokea na kunifundisha kila kitu, hata kusoma mwandiko wa madaktari, maana wapo wanaoandika kana kwamba kalamu inawatoroka, na siku hizi mkono wake wa kulia anaufunga bandeji kwa sababu ya kubonyeza kutwa.

Sasa mapema mwaka huu wifi yangu, dada wa mume wangu, anayefundisha kompyuta chuoni, alikuja kukaa kwetu wiki mbili, akanisikia nikilalamika mezani, akasema, "Wifi, kitu unachokirudia mara sitini kwa siku bila kufikiri, hicho iachie kompyuta." Akanifungulia kile kidirisha cheusi ambacho mimi kikijitokeza nilikuwa nadhani kompyuta imeharibika, akanionyesha kwamba ukiziandika amri zako mstari kwa mstari na kuzihifadhi pamoja, hiyo inaitwa skripti, na ukiita jina lake tu kompyuta inazifuata zote kutoka juu mpaka chini bila kuchoka. Tukafanyia mazoezi nakala za picha za familia, na siku ya tatu picha mia na arobaini za harusi yangu zote zikawa zinaitwa Mjomba, tukacheka mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Lakini nilishika. Kumbe programu ya skani siku zote ilikuwa inaisoma ile namba iliyopigwa chapa na kuihifadhi pembeni, hakuna aliyeitumia, basi skripti yangu inaichukua namba, inatafuta jina, inaipa picha jina, inaihamishia kwenye folda, inaandika mstari, na ile siku ya kwanza ilipokubali kazini, kazi ya siku nzima iliisha kwa dakika nne. Nilikaa nikitazama skrini, kisha nikaenda chooni nikacheka peke yangu.

Kosa langu, mshauri, ni kwamba niliporudi sikusema. Nilijiambia nitasema kesho, kesho ikawa wiki, nikaanza kupewa picha nyingi kuliko mwenzangu, nikazimaliza, wakaanza kuniita Mashine, na mimi nikawa nakaa mbele ya kompyuta nikibonyeza bonyeza nionekane nina shughuli. Hata barua hii naiandika saa tano asubuhi, mkuu wa masjala akipita na wageni anawaambia, "Mwacheni huyo, ana kazi."

Skripti nimeipangia ianze yenyewe kila siku saa nne, na mwezi uliopita niliomba ruhusa nikang'olewe jino, nikasahau kuizima. Jumatatu mkuu akasimama kwenye kikao akasema, "Mwenzenu alikuwa anang'olewa jino na bado akamaliza mafaili mia mbili na kumi na mawili. Nyinyi wenye meno yote mna sababu gani?" Watu wakanipigia makofi, na mimi shavu limevimba nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Ningeweza kuishi na hayo, lakini yametokea mawili mengine. La kwanza, wiki mbili zilizopita Mama Rejista alinijia mezani na faili la karatasi akaufunga mlango kwanza. Akasema, "Mwanangu, hawa ni mapacha. Karani wa zamani aliwapa namba moja wote wawili. Huyu alipasuliwa tumbo, huyu hajawahi. Wewe umemweka mmoja juu ya mwingine, kwenye kompyuta amebaki mmoja tu." Nilielewa papo hapo, skripti ilikuta jina lipo tayari ikaifuta picha ya kwanza ikaweka ya pili, haikuuliza, sikuifundisha kuuliza. Mama Rejista hakuwa na hasira hata kidogo. Akaniambia, "Nimeshairudisha ile picha, usijali. Umechoka, unafanya kazi nyingi mno. Siku moja moja pumzika." Kumbe kwa wiki kadhaa alikuwa anayapitia mafaili yangu baada ya yake, kwa mkono ule ule wenye bandeji, ili nisiaibike.

La pili, mkuu amempa barua ya kujieleza, kwa nini idadi yake imeshuka hadi arobaini wakati mwenzake wa meza ya pili anafikisha mia mbili, na Ijumaa ijayo ndiyo mwisho wa kujibu. Jana amenifuata tena, akasema kwa upole, "Wewe una lugha nzuri ya ofisini. Nisaidie kuandika kwamba mimi nimezeeka."

Sijaandika, kila nikianza nafuta. Mume wangu, ambaye ni fundi wa friji, anasema fundi mwenye bisibisi ya umeme haombi radhi kwa mwenye ya mkono, ninyamaze, nikisema watauliza kama kompyuta inaweza mimi ni wa nini. Wifi yangu kwenye simu ameniambia neno moja tu, "Nilikufundisha kuandika amri, kunyamaza umejifunza mwenyewe." Nifanye nini, mshauri?

Mashine wa Masjala

*

Mashine,

Nimecheka mpaka kwenye jino, nikafika kwa mapacha nikaweka barua chini.

Nianze na la kukupoza. Kuandika skripti hujamwibia mtu. Umejifunza ukubwani kitu ambacho wengi wanakikimbia, umejaribu kwa nakala, umekosea, umepatia. Mumeo yuko sahihi kuhusu bisibisi. Ila fundi mwenye bisibisi ya umeme hakai na wenzake akijifanya anazungusha kwa mkono huku wao wanakaripiwa kwa kuchelewa. Hapo ndipo ulipopotea, dada yangu, na umepotea sana. Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri matako, na wewe umeivaa mpaka kikaoni.

Tena usijifariji kwamba Mama Rejista anaonewa na mkuu. Arobaini zake ni chache kwa sababu anasahihisha mia mbili zako. Hilo mkuu halijui. Wewe unalijua.

Sasa sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu.

Leo, kabla hujainuka kwenye hicho kiti, izime hiyo skripti. Mimi siijui kazi hiyo, lakini nimemuuliza fundi wa kompyuta wa gazeti letu, naye amenijibu bila kutabasamu kwamba chombo kinachofuta cha mtu bila kuuliza hakiachwi kijiendee chenyewe, na hospitalini ndiyo kabisa. Anasema uirekebishe hivi: picha za asili zisiguswe, ifanyie kazi nakala, ikikuta jina lipo tayari isimame, picha iende kwenye folda ya pembeni isubiri jicho la mtu, na kila inachofanya ikiandike, ili kesho ujue jana ilipita wapi. Kisha urudi nyuma kwenye yale yote iliyokwisha kuyapitia, utafute namba zilizojirudia. Usiseme mapacha wale wamepona basi yamekwisha. Siku moja daktari atafungua faili hilo akiwa na kisu mkononi.

Kesho asubuhi mwambie Mama Rejista. Yeye kwanza, mkuu baadaye. Mkalishe, funga mlango kama alivyoufunga yeye kwa ajili yako, umwambie yote pamoja na siku ya jino. Usijitetee. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Akikasirika ana haki, na usimkimbilie na zawadi.

Halafu uende kwa mkuu kabla ya Ijumaa ukiwa na karatasi mkononi: skripti inafanya nini, imekosea wapi, na nani aliyelisahihisha kosa hilo kimya kimya. Omba barua ya mwenzako iondolewe. Ile ya kuandika kwamba amezeeka usiiandike hata kwa mzaha. Andika ya kwako.

Unaogopa kuambiwa wewe ni wa nini. Sikuahidi kwamba hawatauliza. Lakini jiulize kama ungependa swali hilo uulizwe siku uliyokwenda mwenyewe, au siku fundi wa kompyuta wa hospitali amekugundua. Huenda ukaadhibiwa. Ukiadhibiwa, pokea. Kisha uniandikie.

Mshauri wenu

*

Aliandika. Barua hii imenifikia baada ya wiki tano, naiweka hapa kwa ruhusa yake.

Mshauri, siku ile ile niliizima. Kesho yake nilimwambia Mama Rejista, na nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa alichokifanya, maana aliuliza tu, "Kwa hiyo siku ya jino hukuwepo kabisa?" Nikasema sikuwepo. Akacheka mpaka akashika meza. Nikadhani yamekwisha, lakini kicheko kilipokwisha alichukua miwani yake akatoka, na kwa siku mbili hakunijibu hata salamu. Siku ya pili tulipokuwa tunafunga ofisi alisema bila kunitazama, "Nilikuwa nakuombea Mungu akupunguzie kazi." Hakuna aliyewahi kunikaripia nikaumia hivyo.

Siku ya tatu, Alhamisi, nikiwa nachukua karatasi zangu niende kwa mkuu, alisimama naye, akatoa kwenye droo daftari lenye jalada lililobanduka. Ndani ameandika miaka yote namba zinazofanana, mgonjwa na mgonjwa, jozi arobaini na tatu, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema, "Skripti yako isome hili kwanza." Tukaingia pamoja.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akamwita fundi wa kompyuta wa hospitali, na huyo alinigombeza kisawasawa kwa kuendesha kitu juu ya mafaili ya wagonjwa bila ruhusa, na nikapewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwangu. Nimeipokea. Ya Mama Rejista mkuu aliichana mbele yetu akamwomba radhi, na sikuwahi kumsikia mkuu akimwomba mtu radhi. Tulirudi nyuma tukayapitia yote, tukakuta picha nne nyingine zilizofutwa, na karatasi zake zilikuwepo, tukazipiga skani upya.

Sasa skripti ina ruhusa, fundi ameikagua mstari kwa mstari na akakubali kwa shingo upande kwamba imeandikwa vizuri. Mafaili yenye namba safi inayapitia yenyewe, yenye shaka yanakwenda kwenye folda ya pembeni, na folda hiyo ni ya Mama Rejista, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Asubuhi yeye ndiye anayeianzisha. Anaandika amri kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, anaisoma herufi kwa herufi kwa sauti, akishabonyeza anakunja mikono anaisimamia kama mwalimu wa zamu. Ikiandika kwamba imekwama, anafurahi.

Muda uliobaki tumefungua stoo ya nyuma, tunaingiza na mafaili ya masanduku ambayo hayajaguswa tangu kabla sijaajiriwa. Juzi alikuja mzee mmoja, fundi cherehani, daktari wake anataka kujua marehemu mama yake aliugua nini, kwa sababu na yeye ameanza kuugua hivyo hivyo. Ameshakuja mara tatu miaka ya nyuma, akiambiwa rudi wiki ijayo. Safari hii alitoa jina la mama yake kwa sauti ya mtu aliyeshajua jibu, Mama Rejista akamwambia, "Kaa hapo baba, kiti kile." Mzee akageuka kukitafuta kiti, na kabla hajakifikia, karatasi zilikuwa zinatoka kwenye printa.